Mali ya umma yahitaji daftari linalojua majina ya wenyeji

Mali bila daftari, walisema wahenga, huisha bila habari. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwaonya wenye maduka, hasa wale wanaouza sukari kwa mkopo na kusahau ni nani aliyechukua kilo ngapi. Lakini tukiitazama vyema tutaona kwamba duka kubwa kuliko yote nchini ni la umma, na bidhaa zake hazikai rafuni. Zimetandazwa nje, juani na mvuani: barabara, madaraja, kalvati, vivuko vya saruji, visima, pampu, mabomba na taa za sokoni. Kila mwananchi ana hisa katika duka hilo, na kila mwananchi huligharimia. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini hutozwa shilingi 25 za kutunza barabara. Abiria anayepanda matatu kutoka Wote hadi Emali huzilipa ndani ya nauli yake, hata kama hajawahi kumiliki gari wala hatarajii kulimiliki.

Swali tunalopaswa kujiuliza ni hili: daftari la duka hilo liko wapi, na limeandikwa kwa lugha gani?

Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na huenda msomaji akashangaa mwalimu wa lugha anatafuta nini mitaroni. Jibu langu ni kwamba daftari la mali, liwe la karatasi au la kompyuta, kwanza kabisa ni msamiati. Ni orodha ya majina ya vitu ambavyo serikali imekubali kwamba vipo. Kitu kilichomo katika orodha hiyo kinaweza kukaguliwa, kutengewa fedha na kukarabatiwa. Kisichokuwemo hakiwezi hata kuharibika, kwa maana hakuna mahali pa kuandika kwamba kimeharibika. Kwa hiyo programu za kompyuta ambazo siku hizi hutumiwa kusimamia kazi za umma si jambo la kuachiwa wahandisi na wauzaji wa kompyuta peke yao. Zinamhusu mkulima wa Mbooni na mfugaji wa Tseikuru kama zinavyomhusu karani aliyeketi mbele ya mashine mjini.

Kabla ya kompyuta, daftari hilo lilikuwa katika majalada na katika vichwa vya watu. Idara ya Kazi za Umma ya wakati wa ukoloni iliziandika barabara zake katika ramani na makaratasi, na baada ya uhuru wizara iliyoshughulikia ujenzi ikaurithi mtindo huo. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango wa kujenga barabara za mashambani kwa majembe na mikono ya wenyeji badala ya matingatinga. Kufikia katikati ya miaka ya themanini, takriban kilomita 8,000 zilikuwa zimejengwa katika wilaya mbalimbali. Jambo la hekima zaidi katika mpango huo lilikuwa utunzaji. Barabara ilipokamilika, mtu aliyeishi kando yake alipewa kandarasi ya kutunza kipande cha kilomita moja na nusu au mbili hivi. Kazi yake ilikuwa kufyeka nyasi, kuzibua mitaro na kujaza mashimo kabla hayajawa makorongo. Mtu kama huyo hakuhitaji ramani. Alijua ni kalvati ipi huziba mvua za Novemba zinapoanza, kwa sababu alipita juu yake kila siku. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa daftari. Udhaifu wa daftari la namna hiyo ni kwamba halina nakala: mwenyewe akizeeka, akihama au akikosa malipo yake, ukurasa hufungwa.

Katika miaka hiyo hiyo palikuwa na jambo jingine lililotendeka humu nchini ambalo Wakenya wachache wanalikumbuka. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya sabini, watafiti wa maabara ya barabara ya Uingereza, kwa ushirikiano na serikali ya Kenya na Benki ya Dunia, walizifanyia uchunguzi barabara zetu za lami na za changarawe. Walipima jinsi uso wa barabara unavyochakaa kwa mvua na kwa uzito wa malori. Walihesabu mafuta, magurudumu na vipuri ambavyo magari yalivimaliza kwenye barabara mbovu, wakavilinganisha na vile vilivyomalizwa kwenye barabara nzuri. Takwimu hizo zilitumiwa kutunga programu ya kompyuta, iliyotolewa mwaka 1975, ya kukadiria gharama za barabara katika nchi zinazoendelea. Programu hiyo, pamoja na nyingine iliyoanzia katika chuo cha MIT huko Marekani, na pamoja na utafiti mkubwa uliofanywa baadaye nchini Brazil, ndizo zilizotayarisha njia ya programu iitwayo HDM-III, ambayo Benki ya Dunia iliichapisha mwaka 1987. Mwaka 2000 ikafuatwa na HDM-4, ambayo imetumiwa na idara za barabara katika nchi nyingi ulimwenguni. Waama, vumbi la Kenya lilichangia kuzifundisha kompyuta za dunia kusoma barabara.

Tusiidharau kazi hiyo. Kabla yake, uamuzi wa barabara gani itengenezwe kwanza uliweza kutegemea makisio, au kutegemea ni nani aliyezaliwa wapi. Hesabu za kompyuta ziliweza kumwonyesha mwenye mamlaka kwamba shilingi anayoinyima barabara leo atailipa mara kadhaa kesho kutwa. Jimbo la Arizona nchini Marekani lilianza kutumia mfumo wa aina hiyo kwa barabara zake zote mwaka 1980, na katika mwaka wa kwanza likaokoa dola milioni 14, kwa kuchagua matengenezo mepesi ya mapema badala ya kungoja na kumwaga tabaka nzito za lami baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta: wahenga wetu walikwisha kuitunga programu hiyo, ila hawakuwa na mashine ya kuiendesha.

Hata hivyo, methali hiyo haituelezi ufa uko wapi. Hapa ndipo penye mgogoro. Kila lugha ina mambo inayoyasema kwa wepesi na mambo inayoyameza, na lugha ya programu hizi ilizaliwa katika barabara kuu. Ilipima faida ya barabara hasa kwa idadi ya magari yapitayo na gharama zinazopungua kwa wenye magari hayo. Ni kweli kwamba toleo la mwaka 2000 liliongeza baiskeli, mikokoteni na waendao kwa miguu. Lakini mashine haiwezi kumhesabu mtu ambaye hakuna aliyetumwa kwenda kumhesabu. Njia ya mashambani inayopitwa na pikipiki kumi, punda arubaini na watoto wa shule haikuwa na mengi ya kujitetea mbele ya hesabu hizo.

Ushahidi wa jambo hili tunao. Bodi ya Barabara ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ilisimamia hesabu ya barabara zote nchini mwaka 2009, nayo ikapata takriban kilomita 160,000. Sehemu kubwa ya hizo ilikuwa haijapangiwa daraja lolote rasmi. Hesabu iliyofuata, karibu muongo mmoja baadaye, ilipita kilomita 230,000. Je, katika kipindi hicho Wakenya walijenga kilomita 70,000 za barabara mpya? La hasha. Nyingi kati ya hizo zilikuwepo, zikipitwa na watu na mifugo kila siku. Kilichozaliwa hapo ni majina. Na barabara isiyo na jina haiwezi kuombewa hata greda moja.

Mwananchi wa kawaida hatatanishwi na hesabu tu, bali na umiliki pia. Sheria ya mwaka 2007 ilizaa mamlaka tatu, moja ya barabara kuu, moja ya barabara za mijini na moja ya barabara za mashambani. Katiba ya mwaka 2010 nayo ikazikabidhi kaunti barabara za kaunti, na mwaka 2016 barabara zikapangwa upya, baadhi zikiwa za kitaifa na nyingine za kaunti. Lugha yetu imeyatabiri masaibu haya, kwani neno daraja lina maana mbili. Tunazo barabara ambazo zimepewa daraja bila kupewa daraja: cheo chake kinajulikana katika Gazeti Rasmi la Serikali, lakini mto ukifurika hazivukiki.

Kwamba hili ni suala la uhai na mauti, watu wa Mwingi hawahitaji kuelezwa. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya na jamaa waliokuwa wakienda harusini huko Nuu lilijaribu kuvuka mto Enziu uliokuwa umefurika, likasombwa na maji. Watu zaidi ya 30 walifariki. Sisemi kwamba programu yoyote ya kompyuta ingeyazuia maji ya siku hiyo. Ninachosema ni kwamba Ukambani ni nchi ya mito ya msimu, mito ambayo kwa miezi mingi ni mchanga mkavu na kwa usiku mmoja hugeuka bahari. Vivuko vyake wenyeji wanavijua mmoja baada ya mwingine, pamoja na hatari zake. Mzee anayeishi ng'ambo hujua kwamba maji yakishafikia jiwe fulani, gari lisithubutu. Maarifa hayo yameandikwa wapi? Anayasoma nani kabla ya mvua kunyesha?

Wamarekani waliwahi kuulizwa swali kama hilo na msiba. Tarehe 15 Desemba 1967, daraja lililoitwa Silver Bridge, juu ya mto Ohio, liliporomoka jioni likiwa limejaa magari, na watu 46 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa ufa mdogo katika kiungo kimoja cha chuma. Kabla ya msiba huo taifa lile tajiri halikuwa na utaratibu mmoja wa kuyaorodhesha na kuyakagua madaraja yake. Bunge lao likapitisha sheria mwaka uliofuata, na mwaka 1971 zikawekwa kanuni za kuyaandika madaraja katika orodha na kuyakagua, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili. Orodha hizo ndizo zilizokuja kuwa chakula cha programu za kompyuta za kusimamia madaraja katika miaka ya tisini. Msomaji na autazame mpangilio huo kwa makini. Ulianza msiba, ikafuata orodha, ukafuata ukaguzi, na kompyuta ikaja mwishoni. Sisi hupenda kuanza na kompyuta, na orodha tunaingoja ijiandike yenyewe.

Turejee nyumbani. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, Kitui ilijikuta na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na wadi 40, nayo Makueni ikajikuta na wadi 30. Kulingana na sensa ya mwaka 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni watu 987,653. Kaunti kote nchini zilirithi mali ya mabaraza ya miji na ya wilaya yaliyovunjwa, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti mbalimbali zimetaja mara kwa mara kwamba rejista kamili ya mali haipo. Programu kubwa iliyokuwa tayari ikizingoja ilikuwa IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali ulioanzishwa mwaka 2003 na kuundwa upya kuanzia mwaka 2011. Huo ni mfumo wa kuhesabu pesa. Unajua ni nani aliyelipwa, kiasi gani na lini. Haujui kama kalvati iliyolipiwa bado inapitisha maji.

Na mali yenyewe inazidi kuongezeka. Barabara ya lami ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui imeziunganisha kaunti hizi mbili kwa namna ambayo wazee wetu hawakuiona. Mahali mto Thwake unapokutana na mto Athi, mpakani mwa Kitui na Makueni, lipo bwawa kubwa la Thwake ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018. Kazi kubwa kama hizi hazikosi wahandisi wala walinzi. Wasiwasi wangu uko kwa maelfu ya vitu vidogo vilivyotawanyika kati yake, ambavyo hakuna kiongozi aliyewahi kuvikatia utepe mara ya pili.

Haki iwatendekee Makueni kwa hatua waliyoipiga. Chini ya gavana wake wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, kaunti hiyo iliwashirikisha wananchi katika kupanga miradi kuanzia kijijini. Kamati za wenyeji za kusimamia miradi zilipewa meno, kwa kuwa mwanakandarasi hakupaswa kulipwa kabla kamati haijatia sahihi kwamba imeridhika na kazi. Mwaka 2019 kaunti hiyo ilifungua tovuti ya kuonyesha kandarasi zake, ambako mwananchi aliweza kuufuata mradi kutoka kwenye mpango hadi kwenye zabuni na hadi kwenye malipo. Lakini safari hiyo iliishia kwenye malipo, na utunzaji huanza pale malipo yanapoishia. Mtu akishamaliza kujenga nyumba, mvua ndiyo kwanza inaanza kuijaribu.

Mfano ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, haukutoka kwenye barabara bali kwenye maji. Huko Kyuso, kaskazini mwa Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kifaa kidogo ndani ya mipini ya pampu za mkono. Mpini ulipopanda na kushuka, kifaa kilihesabu, kisha kikatuma ujumbe mfupi kwa njia ya simu. Pampu iliponyamaza kwa muda usio wa kawaida, ofisi ilipata habari. Kabla ya jaribio hilo la mwaka 2013, pampu iliyoharibika ilikaa kwa wastani wa siku 27 kabla ya kutengenezwa. Jaribio lilipofanywa, muda huo ulishuka hadi chini ya siku tatu. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ya mafundi wa pampu na mabomba iitwayo FundiFix, ambayo imewahudumia watu wa Kitui na wa Kwale.

Siku 27 ni nini kwa familia ya Kyuso wakati wa kiangazi? Ni mama au binti kuamka alfajiri na punda, karibu mwezi mzima, kutafuta maji penye mashimo ya mchangani. Siku tatu ni usumbufu wa kawaida. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo faida ya daftari zuri, na haihitaji mchumi kuikadiria.

Tuchunguze basi ni nini kilichofanya kazi pale. Kwanza, habari zilimfikia mtu mwenye spana, vipuri, usafiri na uhakika wa malipo. Kompyuta peke yake haijawahi kukaza nati. Pili, na hili ndilo linalomgusa mwanaisimu, mashine ile ilizungumza lugha ambayo kila mtumiaji alikwisha kuijua. Mama aliyekuja na mtungi hakujaza fomu, hakuandika Kiingereza wala hakusafiri kwenda ofisini. Kila mara aliposukuma mpini, aliandika mstari mmoja katika daftari la umma.

Barabara na vivuko havina mpini. Kwa hivyo tutahitaji maneno, na maneno yana matatizo yake. Kikamba kina irabu saba, na tahajia yake huzitofautisha kwa alama zinazowekwa juu ya i na u. Makarani wengi huziacha alama hizo kwa kuwa hazionekani kwenye vibonyezo, na irabu saba zinakuwa tano. Kwa njia hiyo majina mawili tofauti yanaweza kugeuka jina moja. Kinyume chake, mahali pamoja pakiandikwa na makarani watatu kwa tahajia tatu, kompyuta itahesabu mahali patatu. Isitoshe, iko wadi ya Mbitini katika Kitui, na iko wadi nyingine ya Mbitini katika Makueni. Mbiti kwa Kikamba ni fisi, na -ni ni kiambishi cha mahali kama kilivyo katika Kiswahili, kwa hiyo haishangazi jina hilo kurudiwa: fisi hawakuwahi kuheshimu mipaka ya wilaya. Binadamu akiambiwa kwamba kalvati ya Mbitini imebomoka, atauliza, "Mbitini ipi?" Kompyuta haiulizi isipokuwa imefundishwa kuuliza.

Wahandisi hulijibu tatizo hili kwa namba. Namba haina tahajia, wala haifanani na namba ya jirani. Nakubaliana nao nusu. Namba iliyofungiwa ofisini ni siri, na mkulima aliyesimama penye kivuko kilichobomoka hawezi kuitaja siri asiyoijua. Dawa ni kuvifunga viwili hivyo pamoja. Namba na ichorwe kwa rangi kwenye ukuta wa kalvati, kwenye kivuko na kwenye pampu, mahali inapoonekana. Na ndani ya kompyuta, kando ya namba hiyo, yaandikwe majina yote ambayo wenyeji hupaita mahali hapo, yakiwa na alama zake na bila alama zake, hata kama ni matatu au manne. Kazi ya kuyakusanya majina hayo si ya mtu wa Nairobi. Ni ya wazee wa vijiji, walimu na vijana wa wadi wenyewe.

Kuhusu lugha ya kupokea malalamiko, sheria iko wazi. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu hicho hicho kinaitaka serikali iziendeleze lugha za kienyeji. Programu ya kazi za umma inayofahamu Kiingereza peke yake inamgeuza mwenye mali kuwa mgeni dukani mwake. Wapo watakaosema kwamba wananchi hawatamudu mambo ya kompyuta. Hao wamesahau M-Pesa. Huduma hiyo ilipoanza mwaka 2007 ilimpa mteja nafasi ya kuchagua Kiswahili au Kiingereza, na leo muuza maembe wa Wote aliyeishia darasa la saba huhesabu, hutuma na hupokea fedha bila mkalimani. Mwananchi hushindwa na mashine pale mashine inapokataa kumsikia.

Wengine watauliza juu ya gharama. Ni swali la haki. Programu nyingi za kusimamia mali ya umma zimekuja Afrika pamoja na mfadhili na zikaondoka pamoja naye, zikiacha kompyuta zilizofunikwa kitambaa. Ndiyo maana sipendekezi kununua kitu kikubwa. Mwanzo wa kazi hii ni kuhesabu, na kuhesabu kunaweza kufanywa kwa kalamu na simu. Ukambani ni chimbuko la mwethya, mtindo wa majirani kukusanyika kufanya kazi ya pamoja, na vikundi vya aina hiyo vimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika kaunti hizi mbili. Watu wanaoweza kujenga ukuta wa mawe mtoni kwa mikono yao hawatashindwa kuhesabu vivuko vya mto huo. Wadi 70 za Kitui na Makueni zikiamua kuhesabu vivuko vya mito kwanza, kabla ya mambo mengine yote, orodha inaweza kupatikana katika muda mfupi. Kaunti ikishaipata, itafute programu ya kuihifadhi, na imwambie muuzaji waziwazi kwamba orodha ni ya wananchi na itatolewa nzima siku watakapoachana.

Pia wapo wanaohofia uongo. Watasema kwamba mtu ataripoti shimo lisilokuwepo ili barabara ya kwake itengenezwe kwanza, au kwamba afisa ataandika "imekarabatiwa" penye mto uliobomoa kila kitu. Hofu hiyo ina msingi, kwani daftari linaweza kudanganya kwa ustadi kuliko mdomo. Kinga yake ni kulifungua. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari imekwisha kutambua haki ya raia ya kujua. Orodha ya wadi ikibandikwa kwa chifu na sokoni, jirani atasoma kwamba kalvati ya kwake imetengenezwa, naye atakwenda kuitazama. Hakuna mkaguzi aliye mkali kuliko mtu anayevuka kalvati hiyo kila asubuhi.

Kinachobaki ni fedha, na hapa sina methali ya kumfariji mtu. Daftari haliwezi kuchapa noti. Linaweza tu kuonyesha, kwa namba na kwa jina, ni nini kilichoachwa kioze ili kingine kijengwe. Mabunge ya kaunti yakiwa na orodha hiyo mezani, kila diwani atakayeomba mradi mpya katika wadi yake ataulizwa mbele ya watu hali ya miradi ya zamani. Huenda wengine wasiupende uwazi wa namna hiyo, na yamkini ndiyo sababu orodha zimechelewa kuliko kompyuta.

Basi wananchi wa Kitui na Makueni watakapoitwa kwenye mikutano ya kutoa maoni juu ya bajeti ijayo, wasiulize tu ni barabara gani mpya itakayojengwa. Wawaulize waheshimiwa wao swali moja kwa upole: katika wadi hii kuna vivuko vingapi vya mito, na vingapi kati ya hivyo vilikaguliwa kabla ya mvua zilizopita? Atakayejibu kwa idadi apewe shukrani. Atakayejibu kwa kutaja jina la programu, aulizwe tena.